Mashine Imezimwa, Lakini Bado Inaweza Kukumaliza: Stori ya Kusevisi Ekskaveta Migori na Homa Bay

Kama wewe ni msee wa Migori ama Homa Bay, hii picha unaijua. Ni jioni, saiti ya dhahabu pande za Nyatike ama barabara inayopanuliwa karibu na Mbita. Ekskaveta imechimba mchana kutwa, wasee wamesimama kando wakiicheki kama wanatazama mechi. Opareta anazima injini, anashuka, anaitisha chai. Kelele inaisha. Hapo ndipo tanboi, kijana wa miaka kama 20 hivi, anachukua bunduki ya grisi na kuingia chini ya bumu kupaka grisi kwenye pini. Hakuna mtu anashtuka. Si mashine imezimwa?

Manze, hapo ndipo ngori huanzia.

Mtu akifikiria ajali ya ekskaveta, anafikiria mashine ikipinduka kwenye shimo ama ikigonga mtu ikizunguka. Hizo zipo, na si utani. Lakini kuna kundi lingine la ajali ambalo halipigwi picha na kusambazwa WhatsApp: zile zinatokea wakati wa sevisi, injini ikiwa kimya, watu wakiwa wamelegea. Sababu ni moja tu. Ekskaveta ikizimwa, nguvu haiishi. Inabaki imefungiwa ndani: kwa oili ya haidroliki, kwa springi ya cheni, kwa redieta, na kwa uzito wa chuma kinachoning'inia juu ya kichwa chako. Kazi ya msee wa sevisi ni kuitoa hiyo nguvu polepole kabla haijajitoa yenyewe.

Na siku hizi wasee wengi wa huku wanaingia hii kazi. Ukitoka Macalder uende Osiri, dhahabu imevuta mashine. Barabara kama ile ya Mbita, Sindo, Kiabuya hadi Sori zimevuta mashine. Mto Kuja ukifurika kule chini Nyatike, watu wanaitisha mashine. Kijana anaanza kama tanboi, anabeba jerikeni ya dizeli, anafundishwa kupaka grisi, miezi michache baadaye anaitwa fundi. Ni njia poa ya kuomoka. Shida ni kwamba wengi wanafunzwa mahali pa kupaka grisi, hawafunzwi mahali pa kusimama.

Tuanze na kuegesha, juu hapa ndipo watu hupuuza sana. Usisevisi mashine pale pale ilipomalizia kuchimba. Itoe kwenye ukingo wa shimo, ipeleke mahali tambarare na pagumu. Saiti za dhahabu zina mashimo ya zamani chini ya ardhi ambayo hata wazee wa hapo hawakumbuki yote, na mashine ya tani 20 si kitu ya kujaribia udongo. Ukifika, teremsha baketi mpaka ilale chini kabisa. Isiwe imebaki nusu mita hewani. Acha injini ingurume polepole dakika 3 hadi 5 ili tabo ipoe, kisha zima.

Sasa hapa kuna kitu ambacho wengi hawajui. Baada ya kuzima, presha bado iko kwenye hosi. Kwa mashine nyingi unarudisha ufunguo kwenye ON bila kuwasha injini, unaachilia ile leva ya usalama iliyo upande wa kushoto wa kiti, kisha unasukuma vijiti vya mkono mbele, nyuma, kushoto, kulia, mara kadhaa. Hiyo inatoa presha iliyobaki. Ifanye mara tu baada ya kuzima, juu ukichelewa sana haitafanya kazi vizuri. Halafu funga leva ya usalama, toa ufunguo, na uufungue mfuniko wa tangi la haidroliki taratibu ili hewa itoke.

Na huo ufunguo uende wapi? Uende kwa mfuko wa yule anayeingia chini ya mashine. Usiende kwa opareta wala kwa bosi, na usibaki umening'inia pale kwa swichi. Ukiwa chini ya mashine, maisha yako yako kwa huo ufunguo, kwa hivyo ubebe mwenyewe. Chukua pia kipande cha katoni, andika kwa maka nyeusi USIWASHE, MTU YUKO CHINI, na ukifunge kwa leva. Kama mashine ina swichi ya kukata betri, izime. Haya mambo yanachukua dakika 2.

Rudi kwa yule tanboi wetu aliyeingia chini ya bumu. Bumu, mkono na baketi za mashine ya saizi ya kawaida pamoja zinapita tani 3. Kama ziko hewani, kinachozishikilia ni oili ndani ya silinda, na oili inashikiliwa na sili za mpira na hosi ambazo zimepigwa na jua la Karungu kwa miaka. Hosi ikipasuka, hupati onyo. Kwa hivyo kanuni ni rahisi: kama baketi haijalala chini, hakuna kuingia chini. Kama ni lazima bumu iwe juu, kwa mfano unabadilisha hosi ya silinda, iegemeze kwa stendi ya chuma ama magogo mazito yaliyopangwa kwa kukatana, yasiyoweza kuteleza. Jeki peke yake haitoshi. Matofali usijaribu, yanapasuka ghafla.

Sasa tubonge kuhusu oili yenyewe. Ekskaveta ya tani 20 hivi inasukuma oili kwa presha ya karibu psi 5,000. Tairi ya Probox iko kama psi 32. Hiyo ni zaidi ya mara 150. Sasa fikiria hosi imetoboka katundu kadogo kama ncha ya sindano. Huoni oili ikimwagika, unaona tu unyevu, ama kaukungu fulani. Msee anapitisha kidole kwenye hosi akitafuta mahali inavuja. Hiyo oili inapita kwenye ngozi kama sindano ya daktari. Inaingia ndani ya nyama, na mara nyingi haiumi sana mwanzoni. Unaona tu kadoa kadogo kekundu, unafuta na kitambaa, unaendelea kuchapa kazi.

Usiku mkono unavimba. Ndani yake oili inasambaa kwenye mishipa na misuli, inaziba damu na kuua nyama polepole. Hii ni dharura ya upasuaji. Watu wamekatwa vidole na hata mkono mzima, dunia nzima, juu ya katundu ambako hakangeonekana kwa picha. Saa za kwanza ndizo zinaamua. Kwa hivyo ikikupata, usiende kulala kejani ukisema utacheki asubuhi, na usipake dawa ya duka. Enda hospitali kubwa, iwe ile ya rufaa ya Migori ama ya Homa Bay, na ufikapo usiseme "nimedungwa kidole." Ukisema hivyo utafungwa bendeji na kurudishwa nyumbani. Sema wazi: "Oili ya haidroliki imeingia kwa presha." Kama unaweza, beba jina la oili limeandikwa kwa karatasi. Uulize kama kuna daktari wa upasuaji, na kama hakuna, uitishe rufaa hapo hapo kwenda Kisii ama Kisumu.

Na je, kutafuta mahali inavuja? Tumia kipande cha katoni ama ubao. Kipitishe kando ya hosi, oili itakichafua kabla ya kukuchafua. Vaa miwani. Na usikaze kiungo cha hosi mashine ikinguruma, hata kama bosi anasema ni robo ya spana tu.

Cheni ndiyo sehemu inayokula doo nyingi zaidi. Kwa ekskaveta, karibu nusu ya pesa zote za matengenezo inaweza kuishia huko chini: cheni, rola, sproketi na gurudumu la mbele. Na udongo wa huku haukusaidii. Ukienda Bonde la Lambwe ama ukishuka nyanda za Nyatike, ule udongo mweusi wa pamba ukilowa unashika kama ugali wa jana. Unajaza nafasi kati ya rola na cheni, na ukiacha ukauke usiku, asubuhi unakuta saruji. Cheni inakazika kupita kiasi, rola hazizunguki tena, zinasuguliwa tu. Baada ya miezi michache bosi analia rola zimekwisha na anasema aliuziwa spea feki. Wakati mwingine ni feki kweli. Mara nyingi ni matope.

Dawa ni kusafisha jioni, matope yakiwa bado laini. Zungusha kabini iangalie upande, bonyeza baketi chini polepole mpaka cheni ya upande huo inyanyuke, opareta aizungushe mbele na nyuma ili matope yaruke. Wakati huo wewe uko mbali, mahali opareta anakuona kwa macho, bila beleshe mkononi. Kuna wasee wanachomeka beleshe kwa cheni inayozunguka ili kusaidia. Cheni haijui tofauti ya beleshe na mkono. Ukitaka kuchokoa kwa mkono, cheni isimame, mashine ishuke chini, injini izimwe, ufunguo mfukoni. Kisha uchokoe.

Kukaza na kulegeza cheni ni stori nyingine, na hapa naomba usome polepole. Ndani ya fremu ya cheni kuna silinda iliyojazwa grisi, na nyuma yake springi yenye nguvu ya tani kadhaa. Ukiongeza grisi, gurudumu la mbele linasukumwa na cheni inakaza. Ukitaka kulegeza, unafungua valvu kidogo na grisi inatoka. Hiyo grisi iko kwa presha kali sana. Valvu ikifunguliwa kupita kiasi, inaweza kuchomoka na kuruka kama risasi, na grisi inaweza kuingia mwilini kama ile oili.

Kwa hivyo usisimame mbele ya hiyo valvu, na usiinamishe uso ukichungulia kama grisi inatoka. Kaa kando. Fungua taratibu, na usipite mzunguko mmoja. Kama grisi haitoki, usiigonge na nyundo na usizidi kufungua. Funga, sogeza mashine kidogo mbele na nyuma, kisha ujaribu tena. Bado haitoki? Muite fundi mwenye uzoefu. Na hiyo springi yenyewe usiifungue hapo saiti hata siku moja. Inahitaji vifaa maalum vya kuibana, na hakuna saiti ya Nyatike yenye hivyo vifaa.

Kiasi gani cha kukaza? Kitabu cha mashine ndicho bosi. Kwa mashine nyingi za tani 20 unaweka mti ulionyooka juu ya cheni, kutoka rola ya juu mpaka gurudumu la mbele, na unapima cheni imeshuka milimita ngapi katikati. Mara nyingi ni kati ya 10 na 30. Kwa matope, ilegee zaidi. Wasee wengi wanaikaza kama kamba ya gitaa la benga wakidhani ndio fiti, kumbe wanaiua.

Mengine nitapita haraka. Redieta usiifungue ikiwa moto, maji yake yako juu ya nyuzi 90 na mfuniko unazuia presha. Subiri uweze kuishika kwa mkono. Ukigonga pini ya meno ya baketi, vaa miwani, juu chuma kikipigwa na chuma kinatoa vipande vidogo vinavyoingia jichoni. Ukichomelea, toa waya za betri kwanza la sivyo utachoma kompyuta ya mashine, na usichomelee karibu na hosi wala tangi. Mashine ikiwa inawashwa kujaribiwa, usisimame kati ya uzito wa nyuma na ukuta, ama kati yake na lori. Ule uzito ukizunguka hauachi nafasi ya mtu.

Ratiba nayo inahesabiwa kwa masaa ya mita, si kwa kalenda. Kila siku, kabla ya kuwasha: oili ya injini, maji, kiwango cha oili ya haidroliki, toa maji kwenye filta ya dizeli, zunguka mashine nzima ukicheki bolti zilizolegea na mahali panapovuja, kisha grisi. Oili ya injini inabadilishwa kwa masaa 250 kwa mashine nyingi za zamani, na 500 kwa nyingi za kisasa. Sasa piga hesabu. Mashine inayochapa kazi masaa 10 kwa siku, siku 6 kwa wiki, inafika 250 kwa wiki 4 hivi. Lakini saiti ya dhahabu inayokimbiza shifti mbili, masaa 20, inafika hapo kwa siku 13. Bosi anayesema "tulibadilisha oili mwezi huu" anaweza kuwa amechelewa kwa sevisi moja nzima.

Filta ya hewa isigongwe kwenye cheni kutoa vumbi. Inapinda, inapasuka kidogo, na vumbi la Nyatike linaingia moja kwa moja kwa injini. Ukipuliza, tumia presha ya chini na upulize kutoka ndani kwenda nje. Ikichoka, nunua mpya. Na dizeli ya jerikeni ya kando ya barabara, buda, hiyo mara nyingi ina maji. Dizeli ni rahisi leo, pampu ni ghali kesho.

Oili chafu isimwagwe chini. Mto Migori unaingia Kuja, Kuja inaingia ziwani, na huko ziwani ndiko omena yako inatoka. Weka kwa pipa; kuna wasee watakuja kuichukua wapake nguzo za boma zisiliwe na mchwa, lakini hata hao wapatie wakiwa na chombo chenye mfuniko.

Kama unataka hii kazi iwe ya maana, tafuta karatasi. Chuo cha serikali cha barabara na ujenzi, KIHBT, kina kampasi Kisii, sio mbali na hapa, na NITA wana kituo Kisumu. Kuendesha kunahitaji leseni ya NTSA daraja G. Tanboi mwenye karatasi analipwa tofauti, na zaidi ya yote anaweza kukataa.

Juu kukataa kunaruhusiwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema mfanyakazi akiona hatari kubwa amripoti msimamizi wake, na mwajiri hawezi kumlazimisha kurudi hapo mpaka hatari iondolewe. Sheria ya fidia, WIBA, nayo ya 2007, inamhesabu hata anayefunzwa kazi kama mfanyakazi, na mkataba wa mdomo unahesabika. Mtu akifa kazini, mwajiri anatakiwa kuwajulisha maafisa wa usalama kazini ndani ya saa 24. Ukilemaa kabisa, fidia inahesabiwa kwa mshahara wa miezi 96. Kwa hivyo kila siku unayolipwa, hata kama ni thao moja kwa M-Pesa, usifute ile meseji. Piga picha daftari la kazi lenye jina lako. Piga picha mashine na namba yake. Familia nyingi zinakwama hapo, kuthibitisha tu kwamba kijana wao alikuwa anafanya kazi kwa hiyo saiti.

Na kesho jioni, opareta akizima na kuitisha chai, mwambie akurushie ufunguo kwanza.